Mwaka Wangu katika Jiko la Wafaransa



Tangu niliporejea Mombasa nimeulizwa maswali mengi na jamaa na majirani, na wasichana wawili watatu wameniandikia, na karibu maswali yote yakusanyika katika mawili. La kwanza: je, hivi vitu vya Wafaransa viitwavyo tarti vina elimu gani ndani yake hata mtu avuke bahari kwenda kuvisomea? La pili, nalo huulizwa kwa sauti ya chini: Mwislamu awezaje kusoma upishi ule asiguse haramu? Nimeonelea heri nijibu yote mawili hapa kwa kadiri nijuavyo, maana hilo la pili ndilo lililonifungulia la kwanza.

Yanipasa nianze na jambo la fedha, kwani bila ya hilo khabari hii haina uzito. Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia nyumba moja na akiba kidogo. Mirathi ilipogawanywa, fungu langu lilitosha kununua kiwanja kidogo nje ya mji, au kulipa ada ya chuo kwa mwaka mmoja na kujikimu. Ami yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu baada ya baba, alitaka kiwanja. "Ardhi haichachi, mwanangu," aliniambia, "na mkate, hata uwe mtamu namna gani, kesho ni kiporo." Hakunikataza, kwa kuwa fungu lilikuwa langu na yeye ni mtu wa haki. Lakini radhi yake hakunipa kwa uso mkunjufu, na mwezi wa Septemba 2023 nilipanda ndege nikiwa na neno lake jingine moyoni: "Na vikate vile, twasikia, hutiwa mvinyo."

Nilichokwenda kukisoma mjini Paris ni cheti cha serikali ya Ufaransa kiitwacho CAP. Cheti hicho hutolewa kwa kazi nyingi za mikono: yuko seremala mwenye CAP, yuko mwashi, yuko kinyozi, na yuko mpishi wa keki. Lilinipendeza jambo hili, kwamba kijana wa huko aliyejifunza kazi ya mikono hutahiniwa na dola na kupewa karatasi yake. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili, na mwalimu wetu alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mipana na maneno machache. Jikoni kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, sharti afunike nywele zote. Basi katika mji ule wote, mle jikoni ndimo peke yake ambamo kichwa changu hakikutazamwa na mtu.

Tarti, kwa asiyeijua, ni mfano wa sahani inayoliwa. Donge la unga wa ngano na siagi husukumwa likawa jembamba, likatandikwa ndani ya pete ya chuma, likaokwa mpaka likawa kavu lenye rangi ya dhahabu, kisha likajazwa krimu au matunda. Mtu aweza kudhani kuwa ustadi wote u katika yale matunda yang'aayo juu. La, hasha! Matunda ni kazi ya robo saa. Miezi mitatu ya kwanza sisi tulikuwa tungali chini, katika sahani.

Madonge makubwa ni manne, na majina yake kwa Kifaransa yaeleza sifa zake. Liko lililovunjwa, ambalo siagi baridi huvunjwavunjwa ndani ya unga kwa ncha za vidole, kisha likashikanishwa kwa maji kidogo. Liko la mchanga, ambalo unga na siagi husuguliwa katika viganja hata vikawa kama mchanga wa pwani kabla ya kutiwa yai. Liko la sukari, ambalo siagi hulainishwa kwanza kwa sukari ya unga, likafuata yai na lozi zilizosagwa, na unga wa ngano ukaja mwisho. Na liko la majani, ambalo siagi hufungwa ndani ya donge kama barua ndani ya bahasha, likasukumwa na kukunjwa mara tatu, tena na tena, mikunjo sita. Tatu mara tatu hata ya sita ni 729, na hiyo ndiyo idadi ya tabaka za siagi zilizomo ndani ya kipande kisichozidi unene wa kidole. Aliyelelewa katika nyumba inayosukuma chapati, zikapakwa samli, zikaviringwa na kusukumwa tena, haoni ugeni katika jambo hili. Tofauti ni kwamba mama zetu hawakuhesabu.

Sasa, kwa nini yote haya? Ndani ya unga wa ngano mna kitu kiitwacho gluteni, ambacho huamka kikipata maji na kukandwa, kikawa kama nyuzi za mpira. Katika boflo twakitaka sana, kwani ndicho kiinuacho mkate. Katika tarti ni adui, maana donge likiwa na nyuzi nyingi hujivuta tanurini, na likiliwa hutafunwa kama ngozi. Siagi ndiyo kinga: huzifunika chembe za unga ili maji yasizifikie upesi. Lakini siagi hufanya kazi hiyo maadamu i baridi, na ndiyo sababu mwalimu alitupitia mmoja mmoja siku ya kwanza akitushika viganja, kama tabibu. Wenye mikono ya moto waliamrishwa kuitia katika maji ya barafu kabla ya kugusa donge. Mimi, mtoto wa Mombasa, nilitia mikono yangu mara nne asubuhi ile.

Kisha kuna kulazwa. Donge likiisha kushikana hulazwa katika friji, kiasi cha nyuzi 4, kwa saa moja kwa uchache na aghalabu usiku kucha. Likisukumwa unene wa milimita 3 na kutandikwa ndani ya pete, hulazwa tena. Wakati huo nyuzi zilizonyoshwa hulegea, na siagi hukaza. Mwanafunzi mgeni huiona saa hiyo kuwa saa iliyopotea. Wiki moja ratiba ya chuo ilibana, tukaambiwa tuoke bila ya kulaza mara ya pili. Pete kumi na mbili ziliingia tanurini zikiwa na kuta zilizosimama wima. Zikatoka kumi na mbili zimeporomoka, nyingine zimejikunja ndani kama jani lililokauka. Mwalimu alizipanga zote mezani, akaweka kando yake moja aliyoilaza yeye usiku uliotangulia, akatoka kwenda kunywa kahawa. Hakusema neno hata moja, na mpaka leo naiona mbele ya macho yangu meza ile.

Kuna tarti zenye hadithi, na Wafaransa wapenda hadithi za vyakula kuliko hata vyakula venyewe. Husimuliwa kwamba mmoja wa ndugu wawili, Stéphanie na Caroline Tatin, waliokuwa na hoteli katika mji mdogo wa Lamotte-Beuvron mwishoni mwa karne ya 19, alisahau kutandika donge, akalifunika juu ya matofaa yaliyokuwa yakiungua katika siagi na sukari, kisha akaipindua sufuria na kustaajabu. Mimi siiamini sana. Tarti za kupinduliwa zilikuwako katika nchi ile kabla yao, na mwenye kuipika mara mbili huona kuwa haikuzaliwa kwa bahati nasibu: matofaa yasipopikwa polepole mpaka yakatoa maji yake, tarti ikipinduliwa humwagika. Lakini hadithi tamu haikatazwi, na mimi mwenyewe nimekwisha kuwasimulia wageni.

Hadithi niipendayo zaidi ni ya vanila, na ni ya bahari yetu hii ya Hindi. Mmea wa vanila asili yake ni Mexico. Ulipoletwa katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo chaitwa Réunion, ulichanua lakini haukuzaa, kwani wadudu wa kulirutubisha ua lake hawakuwako huku. Mwaka 1841 mtoto mtumwa wa miaka 12, jina lake Edmond, alionyesha jinsi ya kulifungua ua kwa kijiti chembamba na kulirutubisha kwa kidole gumba. Njia yake ndiyo itumikayo hata leo, Madagaska, Komoro na Uganda. Utumwa ulipokomeshwa kisiwani mwaka 1848 alipewa jina la Albius, na akafa maskini mwaka 1880, ilhali mashamba yalitajirisha wengine. Kila nilipopasua ganda la vanila na kukwangua mbegu zake ndani ya maziwa nilimkumbuka. Katika chuo kile jina lake halikutajwa hata siku moja.

Sasa nije katika swali linaloulizwa kwa sauti ya chini.

Mwezi wa Novemba tulifika katika tarti ya Bourdaloue. Ni tarti ya pea za Ulaya, zilizopikwa katika maji ya sukari na kulazwa juu ya krimu ya lozi, na imepata jina lake kwa njia moja ya Paris, ambayo nayo imepewa jina la kasisi wa karne ya 17 aliyesifika kwa khutuba zake. Krimu ya lozi ni jambo jepesi la kukariri: siagi, sukari, lozi zilizosagwa na mayai, vyote kwa uzani mmoja. Lakini karatasi ya mapishi iliongeza kijiko cha kirshi, nayo ni kileo kikali kinachokenekwa kwa matunda ya cheri.

Wako waniambiao, "Si moto huondoa kileo chote?" Sivyo. Imepimwa, na imeonekana kwamba sehemu yake hubaki hata baada ya kuokwa. Wala mimi sikuwa nikitafuta upenyo, kwani kukinunua, kukipima na kukitia kwa mkono wangu kulinitosha kuwa jibu. Mambo mengine ambayo wanavyuoni wameyatafautisha nawaachia wanavyuoni.

Nilimwendea mwalimu mapema, kabla ya somo, nikamweleza kwamba dini yangu hainiruhusu kutia kileo wala kukionja. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira au kwa dhihaka, maana mambo hayo nilikwisha kuyaona kwa wengine katika mji ule. Mwalimu alifikiri kidogo, akaniuliza, "Kirshi yafanya kazi gani ndani ya krimu hii?" Nikasema, yatia harufu. "Harufu gani?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa sijapata kuinusa. Akasema, "Kuondoa kila mtu aweza. Ukiondoa, weka kitu kitakachofanya kazi ile ile. Una wiki moja."

Wiki ile nilijifunza zaidi ya mwezi mzima. Niliuliza, nikasoma, nikafahamu kwamba kirshi haipati harufu yake kwa nyama ya tunda peke yake, bali na kwa kokwa zake, nayo ni ile ile harufu ya lozi chungu. Ndiyo maana huwekwa pamoja na lozi, kwani lozi tamu zina mwili lakini harufu yake ni haba. Basi sikuhitaji kileo, nilihitaji kokwa ya cheri. Hapo nikakumbuka mkebe mmoja katika jiko la shangazi yangu mmoja aliyekaa Maskati miaka mingi, ambao alikuwa akiufungua siku za Idi: mahlabu! Mahlabu ni kiini cha kokwa ya cheri ndogo ya mwituni, na Waarabu na Waturuki huitia katika mikate na maamuli tangu zamani. Nilishuka Barbès, ambako maduka ya watu wa Maghribi na Sham yamejaa, nikaipata katika duka la tatu, nzima, haijasagwa. Msomaji aitakaye nayo ainunue hivyo hivyo, kwa sababu ikisagwa harufu yake hupotea upesi na uchungu hubaki.

Nilianza na nusu ya kijiko cha chai kwa gramu 400 za krimu, ikawa nyingi. Robo ya kijiko ikawa sawa. Siku ya saba tarti mbili ziliwekwa mezani, moja yenye kirshi iliyopikwa na mwanafunzi mwenzangu na moja yangu, hazikuandikwa kitu, na wenzangu wakaonja zote mbili. Saba walichagua ya mahlabu. Mwalimu alikula kipande kizima, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akafuta kisu chake, akaniuliza ni duka gani. Tangu siku ile alipoandika kipimo cha kileo ubaoni, kando yake aliandika na badala yake: maji ya maua ya machungwa, au ganda la limau, au juisi ya matofaa iliyochemshwa mpaka ikawa nzito. Wako na wasiokuwa Waislamu darasani walioyafuata hayo, mmoja wao mtu aliyeacha ulevi na asiyetaka kuirudia harufu yake.

Jelatini ilikuwa taabu zaidi, kwani haina harufu wala rangi ya kumjulisha mtu. Sehemu kubwa ya jelatini ya Ulaya hutoka katika ngozi ya nguruwe, nayo hujificha mahali msipotazamiwa, kama katika krimu ya limau ili isimame ikatwapo, au katika urembo wa matunda. Lakini limau halina haja nayo. Krimu yake ikipikwa kwa mayai mpaka ikawa nzito, ikaachwa ipoe kidogo, kisha siagi ikatiwa vipande vipande huku ikipigwa kwa nguvu, siagi yenyewe ndiyo itakayoishika ikiwa baridi. Na kung'arisha matunda juu ya tarti hufanywa vyema kwa jemu ya mishmishi iliyochujwa, kwani matunda yana pektini yake.

Mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1445 uliingia Machi 2024, katika wiki za mazoezi mazito kuliko zote. Wanavyuoni wengi wamemruhusu mpishi mwenye haja aonje kwa ncha ya ulimi kisha ateme, asimeze kitu. Walakini mimi niliona heri kujizoeza kupima kwa macho, kwa pua na kwa kipimajoto. Sukari ya merengi ya Kitaliani yataka nyuzi 118 kabla ya kumiminwa juu ya ute wa mayai, na nyuzi 118 hazihitaji ulimi. Mwenzangu mmoja alijitolea kuwa ulimi wangu. Alikuwa akionja na kunieleza kwa maneno machache: chumvi, sukari, uchachu, pungufu, kadiri, kupita. Nilifutari ndani ya treni, tende tatu na maji, huku nguo zangu zikinuka siagi.

Mtihani ulikuwa mwezi wa Juni, saa nyingi za kusimama mfululizo mbele ya watahini wasiocheka, na karatasi ilinitaka tarti ya limau yenye merengi. Nilifaulu. Hayo yatosha kuhusu mtihani.

Nilirudi nyumbani mwaka uliofuata, baada ya kufanya kazi kidogo katika duka moja huko. Sasa nafanya kwa maagizo ya arusi, ya Idi, na ya hoteli mbili. Ami alikuja siku ya tatu, akaketi barazani, akaletewa tarti ya Bourdaloue. Alila, akanyamaza, kisha akataka aone kila mkebe na kila pakiti iliyoingia humo. Nilimletea zote katika sinia. Alivaa miwani, akasoma moja moja kwa muda wa saa nzima. Nilimweleza kuwa E441 ni jelatini na yapaswa kuulizwa ni ya mnyama gani, na kuwa E471 ni mafuta yawezayo kuwa ya mmea au ya mnyama, basi pakiti isiyoeleza huiacha dukani. Tangu hapo amejipa kazi hiyo mwenyewe. Mzigo haufunguliwi jikoni mwangu mpaka Ami ameusoma, na mara mbili amerudisha pakiti ambazo mimi ningezipitisha. Khabari za kiwanja hajazitaja tena, wala mimi sijazitaja.

Wasichana walioniuliza waanze wapi, waanze na donge lililovunjwa. Unga wa ngano gramu 250, siagi halisi gramu 125, chumvi kijiko kidogo cha chai, na maji ya barafu gramu 50 au 60, kadiri unga utakavyokubali. Siagi ikatwe vipande vidogo na irudi katika friji kabla ya kutumika. Ivunjwe ndani ya unga upesi, kwa ncha za vidole na si kwa viganja, mpaka iwe kama mchele uliovunjika. Maji yatiwe kwa mara moja, na mkono usimame pale donge linaposhikana, hata kama halijawa laini. Katika joto la pwani kazi hii haifai adhuhuri. Mimi huifanya baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijafika dirishani, juu ya kipande cha marumaru nilichokiokota kwa mwashi. Likisukumwa likaanza kunata, usiongeze unga. Lirudishe katika friji, ukatazame kazi nyingine.